Karani na Mstari wa Senge

Kuna mtu ninayempenda, na kwa miezi mingi nimekuwa nikipita mlangoni kwake nikitamani kulipiga teke pipa lake la maji. Huyo ndiye Karani. Jina lake silitaji. Hata tulipokuwa wanafunzi wake hakuna aliyelitumia. Kwa watu wa Amalemba alikuwa Karani tu, kwa sababu kabla ya kustaafu alikaa miaka na miaka kwenye mizani ya miwa upande wa Ekero, akiandika trekta gani imeingia na imebeba miwa ya shamba gani. Sisi tulimwita Madam Karani. Mimi moyoni nimemwita mengine, ila Senge wangu akisomewa hayo hatanipa chakula.

Watu wanaonijua watashangaa. Mimi ni mtu wa kucheka. Niliacha shule kidato cha tatu, nikacheka. Simu yangu ilianguka kwenye karai la ugali wa matanga, nikacheka, nikaipangusa, ikawaka. Senge, dada ya baba yangu, ndiye aliyenilea, na yeye husema nilizaliwa nikiwa nimeshasikia mzaha fulani ambao wengine hawajaambiwa. Lakini kuhusu Karani nilikasirika hadi nikaanza kuota nikigombana naye, na hata ndotoni alikuwa akinishinda.

Baada ya kustaafu alitufundisha kujenga apu katika chumba kilichopakana na kinu cha kusaga mahindi. Kinu kikianza kunguruma, meza zinatikisika, naye ananyamaza katikati ya neno, kidole juu, mpaka kikome. Kisha anaendelea na silabi iliyobaki. Unga uliingia kwenye nyufa za mlango ukatua kwenye simu zetu, nasi tukawa tunajenga apu huku tukipuliza.

Tuliijenga bila kuandika msimbo hata mmoja. Unatengeneza jedwali, unakiambia kile chombo cha mtandaoni cha kujengea apu kwamba hili ni jina, hii ni tarehe, hii ni picha, nacho kinakupa fomu na vitufe. Ukimtumia mtu kiungo, anaifungua kwenye simu yake kama anavyofungua tovuti yoyote. Mara ya kwanza nilipoona fomu yangu mwenyewe imetokea kwenye simu ya mtu mwingine, nilitoka nje nikazunguka kinu mara mbili. Niliporudi Karani aliuliza kama nimemaliza kukimbia ama bado kuna mzunguko mmoja.

Lakini hiyo ilikuwa baada ya wiki mbili za rula. Wiki mbili hatukugusa simu. Tulichora majedwali kwenye madaftari kwa rula na kalamu nyekundu, na mstari ukipinda anakung'olea ukurasa. Wafula alilalamika. Alisema hakulipa karo ajifunze kupiga mistari, angeenda kusomea ufundi wa milango.

"Nenda," Karani akamwambia. "Na mlango ukipinda, usiseme ulipitia kwangu."

Hakuenda. Hakuna aliyeenda. Alikuwa na namna ya kukutukana inayokufanya utake kukaa umalizie.

Siku aliyotufundisha ufunguo wa jedwali sitaisahau. Tulikuwa na Wafula wawili darasani. Alimimina chai kwenye vikombe vyote, akaita majina kutoka kwenye orodha, kila mtu akachukua chake. Akafika kwa Wafula. Wote wawili wakanyanyuka. Akamkabidhi mmoja kikombe, akapiga tiki, akafunga daftari.

"Na mimi, Madam?" Wafula wa pili akauliza.

"Wewe umeshakunywa. Imeandikwa hapa."

"Huyo ni mwenzangu amekunywa."

"Daftari langu halijui mwenzako. Linajua Wafula. Na Wafula amekunywa."

Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Alimwacha Wafula wa pili bila chai hadi mwisho wa somo, akisema kwamba kila mstari lazima uwe na alama yake moja ambayo mstari mwingine wowote hauwezi kuwa nayo, na usipompa mtu alama hiyo, siku moja utamnyima kitu chake huku karatasi inakuambia umempa. Alisema hayo kwa sauti ya chini, na sisi tuliacha kucheka mmoja mmoja.

Kwa hiyo alijua. Ndiyo maana naandika. Mtu asiniambie kwamba alikuwa mama mzee, teknolojia ikamchanganya. Alijua kuliko sisi sote.

Alikuwa na huruma pia, ila aliificha kama watu wanavyoficha sukari. Simu yangu ilipokufa kabisa alinipa yake wiki nzima, akasema ni kwa sababu imechoka kukaa naye. Nilipomweleza ndoto yangu ya apu ya kuku, kwamba kila mtu apige picha kuku wake ili akipotelea kwa jirani ajulikane, aliniuliza, "Na akishanyonyolewa, picha itamtambua?" Darasa likaniangukia kwa kicheko. Kesho yake nilikuta kwenye daftari langu amenichorea jedwali la kuku, mistari imenyooka, na kichwa cha safu ya ziada ambacho sikukifikiria: rangi ya miguu. Miguu hainyonyolewi.

Sasa nitasema upande wake mwingine. Mbele ya mkubwa, Karani alikuwa anayeyuka.

Sijui nani alimfanyia nini kule kwenye mizani. Alipoingia mwanamume mwenye tai, alifuta kiti kwa leso yake mwenyewe. Sauti yake ilikuwa inakonda. Mara moja alikuja mtu wa ofisi fulani kututembelea, akaangalia jedwali la Wafula wa pili lenye vichwa vitatu, akasema hiyo ndiyo akili ya kompyuta inayojifikiria yenyewe. Karani akasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Wafula aliniangalia. Jana yake tu alikuwa amefukuzwa darasani kwa kuita mstari kichwa. Yule mtu alipoondoka nilimuuliza Madam mbona hakumsahihisha.

"Wewe," akasema, "hujawahi kusimama mlangoni kwa mkubwa ukingoja aamue kama ulikuwa kazini jana."

Nilidhani ni hekima. Nikainyamazia. Leo hainiridhishi hata kidogo.

Apu ya zamu ya kukata miwa ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kweli. Kule kwetu Kabras kikundi cha wakulima kilikuwa kikipanga zamu kwenye daftari: shamba la nani linakatwa kwanza, la nani linafuata. Daftari lilikuwa linalowa, linapotea, au ukurasa unachanika mahali pabaya. Mwenyekiti alimwomba Karani apu, Karani akanipa mimi niijenge kwa sababu natoka huko. Niliijenga kwa siku tisa. Kila shamba lilikuwa na mstari wake na alama yake, ambayo chombo kiliitunga chenyewe, herufi na tarakimu zisizofanana na za mwingine yeyote. Madam alikagua. Akasema, "Haijapinda." Kwake hiyo ni kama mtu mwingine akukumbatie.

Alhamisi, siku moja kabla sijaanza kupita nyumba kwa nyumba kuandikisha, mwenyekiti alimpigia simu. Alitaka mkulima atambulike kwa nambari ya simu, maana hizo herufi za mashine ataonekanaje akizisoma mbele ya wageni? Haya niliyajua baadaye. Karani akaingia kwenye apu, akaondoa alama yangu, akaweka nambari ya simu kuwa ufunguo. Hakuniambia.

Mtu yeyote wa kwetu angekuambia kosa liko wapi. Simu ni ya mwenye simu, lakini nambari ni ya kijiji. Mama Nekesa, jirani yetu, ndiye mwenye simu inayokaa na moto, yaani chaji. Maboma manne hutoa nambari yake: kliniki, shuleni, kanisani, kila mahali. Senge hana simu. Nilimwandikisha mimi mwenyewe, Ijumaa asubuhi, kwa nambari ya Mama Nekesa, nikampiga picha amesimama mbele ya miwa yake amekunja uso, kwa sababu anaamini mtu anayecheka kwenye picha hachukuliwi kwa uzito. Kisha nikaandikisha boma la pili, la tatu, la nne. Kila fomu mpya ilipofika na nambari ile ile, iliikalia ya zamani. Watu wanne, kiti kimoja, na aliyekuja mwisho ndiye akabaki.

Orodha ilipotoka, Senge hakuwemo.

Wakataji walipita. Walikata kushoto kwetu, wakakata kulia, wakaruka shamba la Senge kama dimbwi. Senge alisimama kwenye mpaka na kikapu chake cha viazi, akawauliza na yeye je. Kijana aliyekuwa na orodha alimwonyesha simu. "Kukhu, hauko hapa." Hakuwa mkorofi; alimwita nyanya kwa heshima. Alikuwa anasoma tu.

Mkutano uliitwa kwenye uwanja wa shule. Waliokosekana walikuwa kadhaa, na wanaume wenye sauti walisimama wakasema. Mwenyekiti akamgeukia Karani: Madam, hii ni nini? Karani akasimama. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nimeshika laptopu, niko tayari kabisa kusikia atakavyotutetea. Sauti yake ikakonda.

"Ni kosa la msichana," akasema. "Bado anajifunza. Aliweka ufunguo vibaya."

Akaketi. Hakuniangalia.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, ndivyo mwili wangu ulivyozoea, na watu wakaona msichana aliyeharibu zamu zao anawacheka. Basi ikawa imeisha. Wale wenye sauti waliongezwa kwenye orodha siku hiyo hiyo. Jina la Senge lilipotajwa, mtu mmoja akauliza, "Huyo si shangazi ya huyo huyo? Anataka kumpenyeza." Mwenyekiti akasema shangazi atangoja orodha nyingine, mambo yachunguzwe kwanza.

Senge alikuwa amekaa nyuma, kwenye nyasi. Tulitembea mpaka nyumbani. Mlangoni akasema, "Hata mimi ningecheka." Ndiyo yote aliyosema.

Kile chombo kinaweka kumbukumbu ya kila badiliko: nani amegusa nini, siku gani. Ila anayeweza kuifungua ni mwenye apu, na apu ilikuwa kwenye akaunti ya Karani. Nilijua ni yeye, kwa sababu ni sisi wawili tu tulioweza kuingia, na mimi sikugusa. Nilikwenda Amalemba, nikamkuta anafagia mbele ya mlango.

"Madam, fungua historia. Waonyeshe."

"Historia haitakata miwa."

"Itakata ya Senge. Wanasema nampenyeza."

Aliendelea kufagia. Alifagia mahali pale pale, safi kabisa, mpaka nikaona haya kwa niaba yake nikaondoka. Sikurudi darasani. Kazi ya apu hakuna aliyenipa tena. Ukisema unatoka kwa Karani watu wanauliza, ni wewe yule? Miwa ya Senge ikaendelea kusimama. Ikatoa maua. Kwa mbali ni mazuri, yanapepea kama manyoya, na kila yanapopepea ujue sukari inaondoka. Mengine yakalala chini. Nyumba ya Senge inavuja upande wa kitanda, na pesa za mabati zilikuwa ndani ya miwa ile. Alisogeza kitanda. Akasema upande huu mwingine kuna hewa nzuri. Mimi nililala nikiwa nimekunja ngumi, na asubuhi vidole viliniuma.

Orodha mpya ilikuwa itengenezwe Jumamosi moja, miezi saba baadaye. Miwa ikiachwa tena, Senge atabaki na kuni. Jumatano ya wiki hiyo, asubuhi, bodaboda ilisimama njiani kwetu na Karani akashuka. Alikuwa amevaa sweta yake ya ofisi. Amekonda. Nilikuwa naosha masufuria, na nitasema ukweli, niliendelea kuosha.

"Karibu, mwarimu," Senge akasema, akampa kigoda.

Karani aliketi, akatoa simu, akavaa miwani. Hakuzunguka. Alimwambia Senge kwamba apu ina kumbukumbu, na kwamba amekuja kumsomea mstari mmoja. Akausoma: Alhamisi ile, saa kumi na dakika tano, ufunguo umebadilishwa kuwa nambari ya simu, na aliyebadilisha. Akasoma jina lake mwenyewe lote, majina matatu. Nilikuwa silijui la katikati.

Senge alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu.

"Kwa nini leo?"

"Nina wanafunzi wapya. Juzi msichana mmoja ameniuliza kama ufunguo unaweza kuwa nambari ya simu." Akavua miwani. "Nilishindwa kumjibu. Nilisimama hapo mpaka wakadhani naumwa."

"Sasa umenisomea mimi," Senge akasema. "Mimi na masufuria. Siku ile ulisemea kwa watu wote. Leo unakuja kunong'onea jikoni?"

"Mwenyekiti hatapenda."

"Mwenyekiti ni nani? Huyo alichunganga ng'ombe na kaka yangu. Zikikimbia alikuwa analia. Sisi ndio tulikuwa tunamfutanga makamasi."

Karani akairudisha simu mfukoni mwa sweta.

"Jumamosi," akasema. "Nitasoma Jumamosi."

Senge akampa chai ya rangi. Mgeni wa hadhi yake, kwa kawaida, angekimbiziwa ingokho, kuku wa mgeni, uani, na sisi sote tulijua, hata Karani, ambaye macho yalimtoka kidogo kuelekea kwa kuku kisha yakarudi kwenye kikombe.

"Kuku wako pale," Senge akasema. "Mgeni wangu huwa anachinjiwanga. Lakini leo utakunywa chai. Ukishasoma, rudi Jumapili."

Niliambiwa nimsindikize. Ningepaswa kufurahi. Tulipita kando ya miwa iliyolala, na hasira ilikuwa imenijaa bado, ila ndani yake kulikuwa na kijiwe ambacho nilikuwa nimekikalia muda wote huo. Sikukipanga. Kilitoka.

"Madam, Ijumaa ile niliona mistari ni michache. Fomu nilizojaza zilikuwa nyingi kuliko zilizoonekana. Nilihesabu mara mbili."

Akasimama. "Ukafanya nini?"

"Nikasema ni mtandao, itashuka baadaye. Nilikuwa na furaha. Sikutaka kuharibu."

Nilingoja. Hapo angeweza kunigawia lile kosa nusu kwa nusu, na Jumamosi akasoma kwa sauti nyepesi. Aliinama, akanyanyua muwa mmoja uliolala, akauachia.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "mimi pia ningekuambia ni mtandao."

Akapanda bodaboda.

Jumamosi uwanja ulijaa. Senge safari hii alikaa mbele, na mkeka wake mwenyewe. Karani alisimama kabla hajaitwa, akavaa miwani, akaanza, na sauti ikakonda vile vile nilivyoijua. Alifika kwenye Alhamisi, mwenyekiti akanyanyuka akitabasamu. "Madam, hayo ni mambo ya ofisi, tutayaongea sisi kwa sisi."

Karani alinyamaza, kidole juu, kama kinu kimeanza kunguruma.

"Keti," akamwambia. "Sijamaliza."

Mwenyekiti akaketi. Nadhani hata yeye alishangaa kujikuta chini. Na Karani akasoma saa, akasoma dakika, akasoma majina yake matatu, akasema msichana hakukosea, alikosea yeye, na alijua anakosea. Akasema kwamba mashamba yaliyorukwa kwa neno lake yaandikwe kwanza. Kulikuwa na minong'ono, kisha katibu akauliza mwenye pingamizi. Hakuna. Jina la Senge likaandikwa la kwanza, kwa kalamu, kwenye karatasi, na Senge akamwambia katibu aandike vizuri mwisho wa jina, kuna herufi mbili pale.

Karani aliketi. Akaikalia mikono yake.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Mama Nekesa alikuwa ameshaanza kunipongeza kwa viwiko. Ningeweza kurudi nyumbani safi kabisa, msichana aliyesingiziwa, na sidhani Karani angefungua mdomo kuhusu ile mistari ya Ijumaa maisha yake yote. Bado nilikuwa nimemkasirikia. Bado nimemkasirikia hata leo, kwa zile usiku za kulala na ngumi, kwa kile kitanda kilichosogezwa. Lakini katibu alikuwa anauliza kama kuna mwenye neno lingine kabla ya sala ya kufunga, na nilimwona Karani amekalia mikono yake, akiangalia chini, haningojei.

Nikainua mkono.